Mwanga Mwingi, Njia Haionekani: Balbu za LED na Taa za Magari Yetu

Saa moja na nusu jioni, Tororo. Kwetu huku karibu na ikweta giza halichelewi: jua likishazama, dakika ishirini hivi baadaye huoni tena uso wa jirani yako. Nililisimamisha gari langu, Toyota ya zamani inayotumia balbu za H4, mita 10 kutoka ukuta wa ghala, pua ikiutazama ukuta. Taa ya kushoto niliiachia balbu yake ya halojeni. Taa ya kulia nikaitia balbu mpya ya LED, moja ya jozi niliyoinunua Kampala kwa shilingi 90,000. Nikawasha dimu, ule mwanga wa chini wa kupishana. Nikafunika taa moja kwa koti, nikatazama. Nikahamisha koti, nikatazama tena.

Taa ya kushoto ilichora mstari ukutani. Chini ya mstari mwanga, juu yake giza, na mstari wenyewe ukifika katikati ulipanda kidogo kuelekea kushoto, upande wa ukingo wa barabara. Mwanga ulikuwa hafifu, wa rangi ya chai ya maziwa, lakini mchoro ulikuwa mmoja na ulieleweka. Taa ya kulia haikuchora mstari wowote. Ilimwaga weupe ukutani kama ndoo ya chokaa: juu hadi kwenye mabati, kando hadi kwenye mti wa mwembe, na karibu kabisa na gari. Pale katikati, chini kidogo ya usawa wa taa, mahali panapotakiwa kuwa pakali kuliko pote, palikuwa na kiza chembamba kama kovu.

Fundi wangu wa umeme alikuwa amesimama pembeni, amekunja mikono. "Mzee, hii ya kulia ndiyo taa sasa," akasema. "Ile nyingine ni kibatari."

Nilimwelewa. Kwa mtu aliyesimama kando ya gari, LED ilishinda waziwazi. Lakini dimu ina kazi mbili: kuweka mwanga barabarani, na kuyanyima mwanga macho ya anayekuja mbele yako. Kazi hii ya pili ndiyo balbu nyingi za LED zinazouzwa kwetu huiharibu, na mara nyingi huiharibu hata ile ya kwanza bila dereva kutambua. Nataka nieleze kwa nini, kwa sababu nimechoka kupofushwa njiani, na kwa sababu wanaoumia zaidi si sisi tuliokaa nyuma ya kioo. Ni kijana wa boda mwenye kofia yenye kioo kilichokwaruzika, na mama anayetembea ukingoni mwa lami akiwa na dumu la maji kichwani.

Hamu ya taa bora naielewa vizuri. Magari yetu mengi yamekuja kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe, na bado hiyo miaka 15 inatosha kabisa kuifanya taa ichoke. Nje ya miji barabara nyingi hazina taa za nguzo, na mistari ya rangi imefutika. Ukitoka Lugazi usiku ukaingia msitu wa Mabira, au ukielekea kaskazini kupitia Karuma, unategemea taa zako mwenyewe kumwona mwenye baiskeli isiyo na taa, ng'ombe aliyekatika kamba, au lori lililoharibika ambalo onyo lake pekee ni matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani. Dereva anayetaka kuona zaidi anataka jambo la haki. Swali ni kama hiyo balbu inampa anachokitaka.

Tuanze na ile balbu ya zamani, maana watu huitupa kabla hawajajua imefanya nini. Ndani ya balbu ya halojeni kuna filamenti, waya mwembamba wa tangsteni uliosokotwa kama springi ndogo, wenye urefu wa milimita chache tu. Umeme ukipita, waya unapata joto kali sana na kuwaka. Gesi ya halojeni iliyomo inausaidia usichakae upesi. Balbu ya H4, ambayo imekuwapo tangu miaka ya 1970 mwanzoni na ndiyo utaikuta kwenye Hiace na Hilux nyingi, ina filamenti mbili: moja ya dimu ya wati 55, nyingine ya ful, mwanga wa mbali, ya wati 60. Kwa viwango vya kimataifa, ya dimu hutoa lumeni (kipimo cha mwanga wote unaotoka) 1,000 hivi na ya ful 1,650 hivi.

Balbu hiyo peke yake ni nusu ya taa. Nusu nyingine ni lile bakuli linalong'aa kama kioo lililo nyuma yake, ambalo mafundi huliita riflekta. Umbo la bakuli limepigiwa hesabu kwa chanzo cha mwanga chenye urefu fulani, unene fulani, kilichokaa sehemu moja tu. Filamenti ya ful imewekwa kwenye fokasi ya bakuli, kwa hiyo mwanga wake hutoka ukiwa umenyooka kwenda mbali. Filamenti ya dimu imesogezwa mbele kidogo ya fokasi, na chini yake kuna kijiko kidogo cha chuma. Chanzo kikiwa mbele ya fokasi, nusu ya juu ya bakuli huutupa mwanga chini, barabarani, na nusu ya chini huutupa juu, machoni mwa watu. Kijiko kile kipo ili mwanga usiifikie nusu ya chini kabisa. Ukingo wake ndio unaochora ule mstari ukutani, na kwa sababu ukingo wa upande mmoja umekatwa kwa mshazari, mstari hupanda upande wa kushoto ili tuwaone watembeao kwa miguu bila kummulika anayekuja kulia. Kipande cha bati kidogo kuliko ukucha kinabeba usalama wa barabara nzima. Tangu nilielewe hilo siwezi tena kuishika balbu ya H4 kwa dharau.

Sasa chukua ya LED. Haina springi inayowaka pande zote. Ina chipu bapa zilizobandikwa kwenye ubao wa chuma, huku na huku, kila upande ukiangaza mbele yake tu. Juu na chini ya ubao hakuna mwanga wa maana. Unene wa ubao unazitenganisha chipu za pande mbili, kwa hiyo badala ya chanzo kimoja chembamba bakuli linaona vyanzo viwili vilivyoachana. Kile kiza kama kovu katikati ya ukuta wangu kilitoka hapo. Chipu zikikaa milimita moja mbele au nyuma ya pale filamenti ilipokuwa, mchoro wote unahama. Na zile za H4 hujaribu kuiga kijiko cha chuma kwa kibati kilichokunjwa, ambacho kwenye jozi yangu kilikuwa kimepinda upande mmoja tangu kiwandani.

Watu hudhani kosa dogo namna hiyo halifiki mbali. Fanya hesabu. Mwanga ukiinuka kwa nyuzi moja tu ya pembe, umbali wa mita 100 unakuwa umepanda mita 1 na sentimita 75. Huo unatosha kutoka kwenye bampa ya anayekuja mbele hadi machoni pake na kupita. Na macho yakishapigwa hayarudi mara moja. Yanahitaji sekunde kadhaa, na kadiri mtu anavyozeeka ndivyo yanavyochelewa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hupita mita 22 kila sekunde. Sekunde tatu za upofu ni mita 66 ambazo lori linakwenda lenyewe, dereva akishikilia usukani kwa kukisia.

Mbona basi dereva mwenye LED anaapa kwamba anaona vizuri zaidi? Hasemi uongo, macho yake yanamdanganya. Mwanga uliotapakaa hujaa mita kumi au ishirini za kwanza mbele ya gari. Pale lami inakuwa nyeupe, na mboni ya jicho hujibana kwa sababu ya mwangaza huo wa karibu. Mboni ikijibana, kilicho mbali kwenye kiza kinazidi kupotea. Dereva anaona kila kijiwe mbele ya bampa na anajihisi salama, kumbe kinachomuua mtu kwa kilomita 80 kwa saa kiko mbali zaidi. Kabla hujakanyaga breki, sekunde moja na nusu ya kushtuka imekula mita 33. Kusimama kwenyewe kwenye lami kavu kunakula nyingine 36 hivi. Jumla unakaribia mita 70. Taa iliyo sentimita 70 kutoka ardhini, ikiwa imelengwa sawasawa, mstari wake wa dimu hugusa barabara kwenye mita 70 hizohizo. Hakuna nafasi ya kupoteza. Kila mwanga unaomwagika juu ya miti au chini ya bampa umetolewa kwenye zile mita za mwisho.

Rangi nayo ina kesi yake. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mwanga wa halojeni una kelvini 3,200 hivi, umanjano wa moto. LED za madukani nyingi ni za kelvini 6,000 na zaidi, weupe unaoelekea kwenye samawati. LED nyeupe kwa kweli ni ya buluu: chipu hutoa mwanga wa buluu na kupakwa dawa ya njano juu yake, macho yanachanganya na kuona nyeupe. Kutengeneza LED ya buluu kulikuwa kugumu kiasi kwamba Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Ni uvumbuzi mkubwa, na taa za nyumbani za sola vijijini tunazifurahia kwa sababu yake. Lakini mwanga wenye buluu nyingi humkera zaidi anayekuja mbele, hata ukali ukiwa uleule. Tena nusu ya safari zetu ni kwenye udongo mwekundu. Udongo huo ni mwekundu kwa kuwa unaurudisha mwanga mwekundu na wa njano na kuimeza buluu. Ukiupelekea mwanga wa kelvini 6,500, sehemu kubwa ya ulicholipia inazama ardhini. Ukipata ya kelvini 4,000 na kitu, chukua hiyo, hata kama rafiki zako watasema haina heshima.

Kuhusu mvua na vumbi nimesikia mengi, hasa kwamba mwanga wa njano hupenya zaidi. Matone na chembe za vumbi ni kubwa kiasi kwamba rangi haileti tofauti kubwa katika kuzipenya. Kinachokuumiza ni mwanga uliopanda juu ya mstari: unagonga matone yaliyo usawa wa macho yako na kurudi kwako kama pazia. Taa yenye mstari safi huangaza chini ya pazia.

Halafu kuna zile namba kwenye boksi. Lumeni 20,000! Hesabu hii anaiweza hata mtoto wa darasa la saba, na ningependa kila mnunuzi aifanye kabla hajatoa pesa. Chipu nzuri hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati moja. Ili upate 20,000 unahitaji wati 150 hivi. Gawanya kwa volti 12, unapata zaidi ya ampea 12 kwa balbu moja. Fyuzi ya taa ya mbele kwenye magari mengi ni ya ampea 10 au 15. Kwa hiyo boksi lingekuwa linasema kweli, fyuzi nyingi zingekatika, na zile ambazo hazikukatika zingeiyeyusha soketi. Tulipoipima balbu yangu kwa mita ya umeme, ilikuwa inakula ampea 1.8 tu, yaani wati 24 hivi. Ukiikadiria kwa ukarimu, ni lumeni 2,500. Huo bado ni mwanga mwingi kuliko lumeni 1,000 za halojeni, siukatai. Ila lumeni huhesabu mwanga wote unaotoka kwenye balbu, popote uendako. Ukali wa mwanga unaoelekea sehemu moja hupimwa kwa kandela. Japani, gari likienda kukaguliwa, taa yake ya dimu hupimwa kandela: kiwango cha chini ni 6,400 kwa kila taa, na mstari lazima uwe umekaa mahali pake. Maboksi ya dukani hayaandiki kandela, kwa sababu kandela haziko kwenye balbu; zinazaliwa balbu na bakuli vikielewana.

Joto ni jambo ambalo wauzaji hulipita haraka. Halojeni hutupa joto lake mbele pamoja na mwanga. LED hubaki nalo kwenye kitako, ndiyo maana nyuma yake kuna feni ndogo au mkia wa shaba. Chipu ikipata joto sana hufifia, na baada ya miezi hufa. Sasa nenda ukaangalie nyuma ya taa ya gari lako: kuna kifuniko cha mpira cha kuzuia maji na vumbi. Feni mara nyingi haitoshei chini ya kifuniko. Fundi anakikata tundu, au anakitupa. Msimu mmoja wa vumbi la barabara ya udongo, kisha mvua za Aprili, na lile bakuli lililokuwa linang'aa linakuwa na ukungu usiofutika. Hapo umepoteza taa nzima kwa ajili ya balbu. Kama kifuniko hakirudi mahali pake, usifunge balbu hiyo. Hapa silegezi.

Upande wa waya nitapita haraka. Toyota nyingi hukata na kuwasha taa kupitia waya wa hasi badala ya chanya, na balbu za LED za H4 zisizotengenezwa kwa mpangilio huo hukataa kubadili kutoka dimu kwenda ful, au huwasha zote mbili, uliza kabla. Malori ni volti 24, hakikisha kitako kimeandikwa kwamba kinahimili. Magari ya Ulaya huwasha onyo la balbu iliyoungua kwa sababu LED inakula umeme kidogo. Na redio ikianza kukoroma kila ukiwasha taa, si antena. Ni kile kisanduku kidogo cha kuendesha LED.

Yote hayo yanahusu taa zenye bakuli wazi. Kuna aina nyingine, ile yenye jicho la kioo la duara ndani yake, projekta. Ndani ya projekta kuna kibati kinachokata mwanga kabla haujafika kwenye lenzi, kwa hiyo mstari unabaki hata balbu ikiwa ya ovyo. Hapa LED nzuri inaweza kukubalika: haimpofushi mwingine kirahisi. Bado hakikisha chipu zinatazama kushoto na kulia, si juu na chini, na jaribu ukutani kama doa kali la katikati limebaki karibu na mstari au limeshuka miguuni pa gari. Ila kama projekta yako ilikuja na zenoni, balbu ya gesi isiyo na filamenti, kama Harrier nyingi zilivyokuja, usiiguse. Balbu ya zenoni ya wati 35 hutoa lumeni 3,200 hivi kutoka sehemu ndogo sana, na LED za madukani hazijaifikia ndani ya taa iliyoundwa kwa ajili yake. Ikiwa imekuwa ya zambarau na hafifu, imezeeka tu. Nunua nyingine ya aina hiyohiyo. Na mwambie fundi asiishike ikiwa inawashwa, maana kuiwasha kunahitaji maelfu mengi ya volti.

Nirudi kwenye ukuta wa Tororo. Baada ya kuona michoro ile miwili nilijiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: kwa nini balbu ya halojeni ilikuwa hafifu vile? Iliwahi kuwa mpya, na gari lilipotoka kiwandani hakuna aliyelalamika. Kilichopotea kilikwenda wapi?

Cha kwanza kilikuwa kioo cha taa. Siku hizi si kioo, ni plastiki ngumu ya polikaboneti yenye varnishi nyembamba ya kuikinga na jua. Jua letu linaila varnishi, plastiki inageuka njano na kuchakaa. Mwaka 2018 chama cha waendesha magari cha Marekani, AAA, kilipima taa za namna hiyo na kukuta zile zilizochakaa hutoa asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Asilimia 20! Hakuna balbu itakayofidia hapo, kwa sababu kioo chenye ukungu hutawanya kila mwanga unaopita, na LED yenye nguvu itatawanywa vilevile, kwa nguvu zaidi. Dawa yake ni msasa wa maji: namba 800 kuondoa njano yote, kisha 1,500, kisha 2,000 na 3,000, halafu dawa ya kung'arisha, na mwisho kupuliza varnishi ya kukinga jua. Dawa ya meno inayosifiwa sana husafisha kweli kwa wiki chache, kisha njano inarudi upesi, kwa kuwa hakuna kinga iliyowekwa. Ukimaliza, chungulia ndani. Kama bakuli lenyewe limebanduka au limekuwa kijivu, msasa haufiki huko. Tafuta taa nzima.

Cha pili kilikuwa umeme, na hapa ndipo niliposhangaa. Injini ikiwaka, mita ilisoma volti 13.9 kwenye betri. Nyuma ya balbu ilisoma 12.3. Waya zilizozeeka, swichi iliyochoka na nati ya hasi yenye kutu zilikuwa zimekula volti 1.6 njiani. Inaonekana ndogo, lakini mwanga wa halojeni haushuki sawa na volti: volti zikipungua asilimia 10, mwanga hupungua karibu asilimia 30. Gari langu lilikuwa limepoteza theluthi nzima ya mwanga ndani ya waya. Fundi alikwangua nati ya hasi, akavuta waya mnene kutoka betri kupitia fyuzi na relei mbili (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), na ile swichi ya zamani ikabaki na kazi ya kuamuru relei tu. Volti nyuma ya balbu zikawa 13.5. Relei na waya havikufika hata nusu ya bei ya zile LED. Ila usije ukaruka hatua hii na kununua halojeni za wati 100. Hizo zitachoma waya zilezile zilizokwisha kuchoka.

Cha tatu ni kulenga, na sijui kwa nini hakifanywi. Tafuta sakafu tambarare, jambo gumu kidogo kama unaishi kwenye vilima vya Kampala, na ukuta mbele yake. Jaza upepo magurudumu yote, mtu akae kwenye kiti cha dereva. Simama mita 10 kutoka ukutani. Pima urefu kutoka ardhini hadi katikati ya taa, weka alama ya chaki kwa urefu huo ukutani, kisha chora mstari mwingine sentimita 10 chini yake. Mstari wa dimu unatakiwa ukae kwenye huo wa chini. Nyuma ya taa kuna skrubu mbili, moja ya juu na chini, nyingine ya kando. Yangu ya kushoto ilikuwa imeshuka sentimita 25. Kwa miaka nilikuwa naangaza mita 20 tu za barabara na kuilaumu balbu.

Ukiwa hapo ukutani angalia pia mstari unapandia upande gani. Sisi tunaendesha kushoto kama Wajapani, kwa hiyo upande wa kupanda ni kushoto. Gari, au taa ya mtumba, iliyotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia itapanda kulia, moja kwa moja usoni mwa anayekuja, hata iwe na balbu gani.

Nchi zilizolipima suala hili kwa muda mrefu hazijaliachia soko. Uingereza, gari lililoanza kutumika tangu tarehe 1 Aprili 1986 likiwa na taa za halojeni, likiwekewa LED, linaanguka ukaguzi wa mwaka. Ujerumani, tangu mwaka 2020, huruhusu balbu chache za LED, tena kwa aina za magari zilizopimwa moja moja na kuorodheshwa. Hilo linaonyesha kwamba inawezekana kutengeneza LED inayoelewana na bakuli la halojeni. Pia linaonyesha kwamba balbu ileile inaweza kufaa gari hili na kuharibu lile. Mwenye pesa na anayeitaka LED kwa dhati, njia safi ni taa nzima iliyoundwa kama LED tangu mwanzo kwa ajili ya gari lake, yenye alama ya ubora ya herufi E na namba ndani ya duara.

Na kama utanunua balbu tu hata baada ya haya yote, basi nunua moja kwanza, si jozi. Ifunge upande mmoja, uache halojeni upande wa pili, na uende ukutani usiku kama nilivyofanya. Kisha mwache mwenzako kwenye usukani, tembea hatua hamsini mbele, uchutame hadi macho yako yafikie urefu wa dereva aliyeketi, na umwambie afunike taa moja baada ya nyingine. Fundi wangu alichutama hivyo jioni ile. Ya halojeni aliitazama bila shida. Nilipohamisha koti na kuifunua ya LED, aliinua mkono kufunika macho, akageuza uso, na hakusema tena kibatari.

Wiki iliyofuata tulirudi pale ghalani, gari likiwa na vioo vilivyopigwa msasa, waya mpya, na balbu mbili mpya za halojeni za wati zilezile 60/55. Mistari miwili ilikaa juu ya chaki, mwanga chini yake mweupe kuliko nilivyowahi kuuona kwenye gari hilo, na mabati ya ghala gizani kabisa. Fundi alizunguka mbele, akachutama tena, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akaniuliza ile misasa ya 2,000 na 3,000 imebaki vipande vingapi, maana kaka yake anaendesha taksi ya Malaba usiku.